Siku Niliyomlaza Jeremi Nje Kama Watoto wa Norwei

Sijui kama kuna mwanamke mwingine hapa Johannesburg aliyewahi kusimama katikati ya kliniki, miguuni soksi tupu, blauzi imelowa maziwa, akiwaeleza watu wazima jinsi watu wa Norwei wanavyolaza watoto wao. Kama yupo anitafute, tukae wawili tulie, maana mpaka leo nikipita barabara ile ya La Rochelle natembea upande wa pili na kitambaa cha kichwa nimekishusha hadi kwenye nyusi. Basi leo nasimulia, na mkimaliza kucheka msiniulize tena.

Yaya wangu Esperance (kwetu yaya ni dada mkubwa) anaishi Norwei, alipelekwa huko kutoka kambi ya wakimbizi zamani, na mwaka ule wa 2018 alitualika tukale naye Krismasi, mimi na mwanangu Jeremi, safari fupi tu, twende tukaone theluji turudi. Furaha yangu msiiseme (na jina langu ndilo hilo hilo, Furaha). Lakini yaya wangu ni mtu wa masharti, kila akipiga simu ananipa sharti jipya. "Furaha, ukikuja huku usinipatishe haya. Huku batu habaingiake mu nyumba na viatu. Mu bisi usiikale karibu na mutu kama kiti ingine iko bule. Na batoto banalalaka inje, ata kwa baridi, ata kwa theluji. Mama mwenye kufungia mutoto mu nyumba siku muzima banamuonaka mubaya."

Mwingine angesikia akacheka, mimi nikachukua kama mtihani wa shule. Nikasema sitakwenda kwa watu nikiwa mshamba, nitaanza kuishi kama wenyeji hapa hapa, nikifika kule nimeshaiva. Viatu nikaanza kuvua mlangoni, nyumbani na hata saluni ninakosukia nywele, nashinda na soksi juu ya sakafu iliyojaa nywele za watu. Esperance aliposema kule jioni wanawasha mishumaa kila dirisha, na mimi nikawasha. Baba Jeremi, mume wangu, ni mlinzi wa maofisi huko Randburg, akarudi kazini akaniuliza kama umeme umekatika tena. Nikamwambia hapana, ndiyo maisha ya kule. Akaizima yote kwa pumzi, akaenda kulala bila kula.

Sasa tuje kwa Jeremi. Alikuwa na miezi minane, ananyonya, mnene, na usingizi wake wa saluni ulikuwa wa taabu kwa sababu ya kelele za mashine za kukausha nywele. Ilikuwa Julai, na nyinyi mnaijua Julai ya Joburg, upepo unapita hadi kwenye mifupa. Nikapiga hesabu zangu: Desemba hapa ni jua kali, kwa hiyo kama mtoto ni wa kuzoeshwa baridi, azoeshwe sasa. Siku za kwanza nilimlaza uani kwetu kwenye kigari chake, nimekaa pembeni namwangalia, akalala kama mtoto wa tajiri. Nikajiona hodari. Siku ile ya mkasa nikaja na kigari mpaka kazini.

Kosa lilikuwa dogo tu, nalo lilitokana na Zuhura. Zuhura ni Mtanzania wa Tanga ninayesuka naye, mwanamke mwema lakini mdomo wake hauna breki, na alikuwa ameshanisema vya kutosha kuhusu viatu. ("Shoga, Norwei hujafika, tayari huna viatu. Ukifika je, utavua nini?") Nikaogopa kwamba akikiona kigari mlangoni, siku nzima itakuwa ni hadithi yangu. Basi badala ya kumlaza Jeremi mlangoni nikakizungusha kigari nyuma ya kona, kando ya ukuta wa duka lililofungwa, mahali pakimya pasipo na upepo. Nikamfunika blanketi, nikamvalisha kofia ya kijani, nikajiambia nitakuwa nachungulia.

Na nilichungulia, jamani, nilitoka mara ya kwanza amelala, mara ya pili amelala, mara ya tatu mteja wangu akageuza kichwa ghafla mstari ukaenda upande, ikabidi nifumue nianze upya, na yule mteja ni wa kulalamika, nikasema ngoja nimnyooshee kwanza huyu. Nilipotoka tena kigari kilikuwepo palepale. Ndani yake kulikuwa na soksi moja. Mtoto hakuwepo, na blanketi halikuwepo.

Kilichonitoka kinywani sikijui, Zuhura ndiye anayesema nililia kama mtu aliyefiwa. Alikuja mbio na kitana mkononi. "Mtoto yuko wapi?" Nikamwambia alikuwa amelala. "Amelala wapi?" Hapa. "Hapa nje? Peke yake?" Watu wakaanza kujaa, wa spaza, yaani viduka vya mtaani, wa gereji, akina mama wa mboga, kila mtu anauliza kwa lugha yake, na katika mji huu mtoto akiibiwa hakuna anayebaki amekaa. Mmoja akaniuliza, nani, umemwona nani? Nikatupa macho barabarani, nikamwona kijana mmoja karibu na robot, taa za barabarani, amebeba mfuko mkubwa mgongoni, anavuka haraka haraka gari zikiwa zimesimama. Nikanyoosha kidole.

Naomba Mungu anisamehe kile kidole. Wanaume waliruka kabla sijashusha mkono. Walimwangusha, wakamkanyaga, wakauchana ule mfuko, na kilichomwagika barabarani kilikuwa soksi, soksi za rangi zote, za wakubwa na za watoto, na kofia za sufu. Hakukuwa na mtoto. Lakini mtu akishaokota nusu tofali haitupi kirahisi, na mmoja wao alikuwa ameshaiinua, anasema hawa wageni ndio wanaochukua watoto wetu. Mimi nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mwacheni, siyo yeye," na yule mwenye tofali akageuka akaniangalia mimi, kwa sababu sasa alikuwa amesikia kwamba na mimi ni mgeni. Zuhura akaingia katikati yao na kitana chake, akaongea Kizulu (amekaa hapa miaka mingi), akaongea bila kupumua, akiwaomba, akiwaita kaka zake, mpaka lile tofali likashuka.

Na yule kijana, mdomo unatoka damu, akainua kichwa kutoka kwenye lami. Kumbe Mrundi, na Kiswahili changu alikisikia. "Mama, mutoto wako ana kofia ya kijani?" Nikasema ndiyo, ndiyo. "Kuna bibi amenunua soksi kwangu sasa hivi. Mutoto alikuwa kwa mugongo, muguu moja iko bila soksi. Ameenda kliniki."

Nilikimbia. Sikumshukuru wala kumwinua, nilikimbia na soksi zangu juu ya lami ya Julai, vioo na mawe vyote nimevikanyaga, Zuhura nyuma yangu na kundi zima nyuma ya Zuhura. Kliniki ilikuwa imejaa mpaka nje. Katikati ya foleni ya wamama alikaa gogo mmoja, yaani bibi mzee, wa Kizulu, amejifunga blanketi langu, na nyuma yake nikaona kofia ya kijani. Jeremi alikuwa amelala shavu kwenye mgongo wa yule bibi, na miguuni soksi mpya nyekundu.

Nikanyoosha mikono nimchukue, bibi akageuka akaniziba kwa bega. Nesi akauliza mimi ni nani. Nikasema mama yake. "Mama yake alimtupa kando ya duka," nesi akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la mwisho. Nikasema sikumtupa, nilimlaza. Wapi? Nje. Kwa nini? Na hapo ndipo mimi, mtu mzima, mbele ya foleni nzima na lile kundi lililotaka kuua mtu kwa ajili yangu, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba kule Norwei watoto wote wanalala nje, ni afya, na kwamba tunasafiri Desemba. Mzee mmoja akacheka, na wengine wakamfuata.

Nesi hakucheka. Aliuliza kadi ya mtoto, nikasema iko nyumbani. Akasema basi anawapigia watu wa ustawi wa jamii waje wamchukue mpaka ijulikane yeye ni wa nani, na akashika simu. Nilihisi dunia inanikimbia. Nilikuwa nimemtafuta mtoto nimempata, na sasa nakaribia kumpoteza mara ya pili, mbele ya macho yangu, kwa sheria.

Kelele zikamwamsha Jeremi, akalia. Na pale pale, bila kuombwa, maziwa yakashuka. Blauzi ikalowa pande zote mbili, wanaume wakaangalia ukutani, Zuhura akavua khanga yake ya kiunoni anifunike. Gogo akanitazama kifuani, akamtazama nesi, akalifungua blanketi akaniwekea mtoto mikononi, akaniambia kwa Kizulu nimnyonyeshe. Nesi akaiweka simu chini.

Haikuishia hapo, ilibidi Baba Jeremi aitwe kutoka Randburg, apite nyumbani alete kadi. Wakati tunamsubiri, gogo alikaa karibu nami. Zuhura akanitafsiria alichosema. "Mwanangu, hapa mtoto akiachwa hivyo, ujue mama yake amekata tamaa na maisha. Njia nzima nilikuwa nakulilia wewe." Nililia hapo, na sikuona aibu. Nje ya mlango yule kijana Mrundi alikuwa ametufuata, anapanga upya soksi zake kwenye mfuko uliochanika. Nikapiga magoti mbele yake. Akaniuliza tu, "Umemupata?" na nikafunua khanga aione kofia ya kijani. Baba Jeremi alifika na sare yake ya kazi, akaambiwa yote, akamchukua mtoto, akatangulia naye nyumbani.

Norwei tulikwenda. Esperance alinipeleka kunywa kahawa, na mbele ya mgahawa, juu ya theluji, vigari vilikuwa vimepangwa na watoto ndani wamelala, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama pale. Jeremi nilikuwa nimemfunga mgongoni chini ya koti. Yaya akaniambia ingia, nikamwambia tangulia. Nikasimama nje nikilinda watoto wa watu. Mmoja akaanza kulia, nikashindwa kuvumilia, nikashika kigari nikambembeleza. Mlango ukafunguka kwa nguvu akatoka mama yake, mweupe amezidi kuwa mweupe, macho kwenye mkono wangu, na sura ile niliijua kwa sababu Julai ilikuwa yangu.

Nikainua mikono yote miwili nikarudi nyuma. Tangu siku ile nimeapa, viatu vyangu nitavua popote nitakapoambiwa, lakini mtoto wangu hatalala mahali nisipomwona, na wa mwenzangu simgusi kabla ya kumwita mama yake.