Siku nilipomkosoa baba mkwe akijaza gobore, Mbebe

Wakuu, habari za mchana. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na chumvi siongezi kwa sababu lenyewe lilikuja nayo.

Mimi ni agent wa clearing, natoa mizigo ya malori mpakani hapa Tunduma. Kazi yangu ni makaratasi na madereva. Bunduki naiona kwa askari tu.

Mke wangu kwao ni Mbebe, kule Ileje. Msimu huu mahindi yalipoanza kukomaa tukaenda kuwasalimia wazee.

Sasa kule nyani wamezidi. Wanaingia shambani kama waliolima wao. Baba mkwe ana gobore, la kihalali kabisa na karatasi zake zipo. Akipiga mlio mmoja asubuhi, nyani wanahama siku mbili tatu.

Kwa wasiolijua: gobore hujazwa kupitia mdomo wa mtutu. Inaanza baruti, ambayo mzee huipima kwa kikopo kidogo cha bati, mara moja tu. Kisha kitambaa, anashindilia kwa ufito, halafu gololi. Mwisho kabisa ni fataki kule nyuma, kile kidude kinachowasha baruti. Fataki ikishakaa, imebaki kuvuta tu.

Asubuhi hiyo mzee kakaa nje ya jiko anajaza. Mimi nikataka kuonekana mkwe mchangamfu. Nikaanza stori ya dereva aliyekwama na lori Nakonde mpaka wauza chakula wakawa wanamwita shemeji. Mzee anacheka huku anamimina baruti.

Mara jirani akapita, akasalimia. Salamu za kule mnazijua, hadi ng'ombe anaulizwa hali. Mzee akaweka kikopo chini wakaongea weee.

Jirani alipoondoka, mzee akachukua kikopo, akakijaza, akamimina tena.



Nikajiuliza, ile ya kwanza niliiona kweli? Au ilikuwa anajaribu kikopo tu? Na mimi ni nani wa kumfundisha mtu aliyejaza gobore tangu sijazaliwa? Tena ukweni, ambako hata kukohoa unapima.

Mzee akaweka kitambaa. Akashindilia. Akaweka gololi. 

Alipotia mkono mfukoni kutoa fataki, nikajikuta nimeshasema.

"Baba, naomba unisamehe. Nadhani baruti imeingia mara mbili."

 Alinitazama hadi nikaanza kuwaza nauli ya kurudi.

Kisha akaiacha fataki mfukoni, akachukua ufito, akautumbukiza mtutuni. Ule ufito una alama aliyoikata kwa kisu. Gobore likijazwa sawasawa, alama inalingana na mdomo wa mtutu. Siku hiyo ilisimama vidole vitatu juu.

Wakuu, mzee akalilaza gobore magotini. 

Akalifungua taratibu kwa waya uliopindwa, akatoa kila kitu, baruti akaimwaga juu ya gazeti. Akaipima kwa kikopo. Vikopo viwili. Mtutu wenyewe wa zamani, ungepasuka usoni kwake, na mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye.

Siku hiyo hakupiga. Nyani walikula, basi.

Mchana kuku akaletwa mezani. Mzee akawaambia wote, "Leo mkwe amenikosoa." Mama mkwe akainamisha uso. Mke wangu akanikata jicho, nikaona nimekwisha.

Mzee akaendelea, "Angenyamaza kwa heshima, huyu binti angelia misiba miwili kwa mara moja."

Akachukua firigisi, kipande cha mwenye nyumba, kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu. Wenye wakwe mnaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Nilichojifunza ni kwamba kosa lilianza na mdomo wangu. Mtu akishika baruti, stori zisubiri, na hata salamu zisubiri. Ukikatishwa katikati usikisie umefika wapi. Toa yote uanze upya. Alama ya ufito itazamwe kila mara, hata kama umejaza miaka arobaini. Na ukiona kosa, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Mnaolinda mashamba Momba, Mbozi na kwingine, nyie mnajuaje kwamba hamjajaza mara mbili? Na wewe uliyeoa, ungefungua mdomo pale au ungeheshimu mpaka mlio? Semeni ukweli, uwanja ni wenu.