Kanga Iliyochukuliwa na Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, pale hospitali ya Msambweni, miaka ya hamsini, Sista Mkuu alinikabidhi aproni kisha akaniuliza kama najua kuogelea. Nilidhani ananitania. Mimi, mzaliwa wa kisiwa cha Funzi!

"Vyema," akasema. "Utakwenda baharini na wagonjwa."

Bwana Daktari alikuwa na dawa isiyotiwa chupani. Wenye magoti yaliyokakamaa na viungo vilivyolegea kwa homa aliwapeleka majini. Alitueleza kuwa maji humbeba mtu, hivyo mguu usioweza kumsimamisha nchi kavu hufanya kazi bila kuelemewa. Niliwaona kwa macho yangu waliokuja kwa kubebwa wakirudi makwao kwa mkongojo.

Sista Mkuu naye alikuwa na amri moja: maji yakianza kupwa, mgonjwa awe anatoka. Pale mwambani pana mlango, mwanya wa kutokea bahari kuu, na maji yakipwa hukimbilia huko na chochote kinachoelea. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mkondo huo hauna huruma.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Bi Mejumaa wa Mwabungo, mama wa watoto wadogo, mguu wake wa kulia mlegevu. Wanawake tuliogelea na kanga zetu, moja kifuani, moja kiunoni. Ndiyo heshima tuliyoijua.

Asubuhi moja ya bamvua tulikuwa tunarudi ufukweni maji yalipoanza kupwa. Kanga yake ya kiunoni ikafunguka, ikamzonga miguu, na mkondo ukaanza kumvuta. Nikamdaka kwapani.

"Iache, Bi Mejumaa! Iache iende!"

"Siiachi! Huwaoni wanaume wale?"

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wanatujia mbio. Kila walivyokaribia ndivyo alivyozidi kuikumbatia kanga, huku akinywa maji. Niliogopa, siwafichi. Mlango ulikuwa karibu, na mikono yangu ilikwishachoka.

Nikapiga ukelele: "Kina baba, geukeni! Tupeni mgongo!"

Wakasimama, maji yakiwafika magotini, wakageuka wote. Mzee wao akapaza sauti: "Mwanangu, hapa hapana jicho linalokutazama. Iokoe roho yako!"

Ndipo Bi Mejumaa akaiachia. Miguu ilipofunguka akaipiga yote miwili, hata ule mbovu. Tuliukata mkondo kwa ubavu, maana anayeshindana nao uso kwa uso huchoka akazama. Tulipogusa mchanga, yule mzee alivua kilemba chake, akakitupa nyuma bila kugeuka.

Sista Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Asingeiachia, ungezama naye?"

"Ndiyo, Sista."

Akamwita fundi cherehani, na tangu hapo wagonjwa wanawake waliingia majini na suruali ndefu na kanzu fupi.

Baadaye nilihamishiwa Kwale, juu mlimani, nikastaafu huko huko. Siku hizi watu huja kunilalamikia mavazi ya wajukuu wangu wanaoogelea ufukweni Galu. Mimi huwauliza kwanza: maji yanajaa au yanapwa?

Siku ya kuniaga kazini, Bi Mejumaa alikuja kwa miguu yake, akichechemea kidogo, na wanawe warefu nyuma yake. Nikamtania kuhusu ile kanga.

"Ilikuwa ya harusi yangu," akasema, akawatazama wanawe. "Bahari na ikae nayo."