Masanja Alipokuja Kuulizia Kifua Chake

Ninyi wajukuu mnaosinzia na simu mkononi, someni na hili. Sikuota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nimekaa uani nachambua pamba.

Masanja, kitinda mimba wangu, alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la pamba kule Kasoli, akapiga kichwa. Kaka yangu Ng'wandu akampeleka hospitali kubwa. Siku tatu nampigia simu, jibu ni lile lile: "Amelala, dada. Anapumua." Desturi yetu mnaijua. Mama haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa ni mgonjwa tu, mpaka aone turubai la msiba limefungwa uani.

Basi mtu akaingia uani, mbwa asibweke. Masanja! Shati lile lile, nyuzi za pamba kwenye nywele. Akakaa kwenye kigoda chake.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma mimi mama yake, kama anatoka mnadani.

"Mwadila. Nikuletee ugali?"

"Sina njaa."

"Wewe usiye na njaa si mwanangu."

Akacheka. "Hata mimi nashangaa, mayu. Niko hapa, na kifua changu kiko kule kinapanda na kushuka. Nani anakipandisha? Muulize mjomba, daktari alimwambia nini."

Nikanyoosha mkono nimshike. Nikashika jua tu. Ninyi mngefanya nini? Mimi nilipiga simu.

"Ng'wandu, mpe daktari simu." Akaanza kukohoa. "Mpe, nasema!"

Daktari alikuwa binti, anaongea taratibu. "Mama, Masanja amefariki. Ubongo wake umekufa wote, tumempima mara mbili. Mashine ndiyo inasukuma hewa. Mjomba nilimwambia juzi."

"Mbona waliomwona wanasema ana joto?"

"Moyo unapiga kwa hewa hiyo. Tukizima, nao utasimama."

"Hawezi kuamka?"

"Hapana, mama."

"Na figo zake mnazitaka? Watu wanasema."

"Hakuna anayemgusa bila ninyi kukubali. Wala sikuombi."

Halafu nikamwambia, "Zimeni. Mwanangu anazunguka juani."

Tulimzika, na hajaja tena. Ila mbwa yule, saa saba ikifika, hulala mbele ya kigoda kile na hakuna anayethubutu kukikalia. Njooni mjionee.

Mkimficha mama, mnamzungusha marehemu. Kwa hiyo nimewaamuru watu wa nyumba yangu, Ng'wandu akiwa amekaa pale pale: daktari akisema mtu amekufa, mniletee neno hilo hilo, na asiyeweza kulitamka asishike simu.