Askari Aliyelala Kwenye Kiti Changu

Nilimfukuzisha kazi rafiki yangu wa utotoni kwa brashi na rangi ya bluu.

Sikumsema kwa bosi wake. Sikumchongea. Nilimchora tu.

Ngoja nianze vizuri, maana nikiingilia katikati mtaniona mchawi.

Naitwa Adoch. Baba yangu alikuwa polisi, kwa hiyo nimekulia kambini hapa Kampala. Nyumba za mabati, kila kabila, kila dini, na kilichotuunganisha ni Kiswahili cha afande. Mkikuta ngeli zangu zimelewa, msinicheke sana.

Kazi yangu ni kuchora. Sichori twiga wa kuuzia watalii. Nachora sura za watu, na sharti langu ni moja: mtu aje akae mbele yangu nimwone kwa macho. Picha ya simu sitaki.

Studio yetu iko Kisugu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nasema "yetu" kwa sababu tuko wanawake wawili. Mwenzangu anaitwa Huguette, Mkongo wa Bukavu, mdomo wa wembe, roho ya pamba. Chumba ni kimoja kikubwa. Yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Harufu ya rangi tunagawana.

Mwaka jana nikaamua kuchora marafiki zangu kumi. Wanachopata ni chai na rolex, yaani ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ya moto, kutoka kwa jamaa wa pale chini.

Mtu akikwambia kukaa bila kutikisika ni kazi rahisi, mlete kwangu.

Babra alikaa dakika saba akaanza kujibu meseji. Odoch alibana kitambi ndani mpaka akapata kizunguzungu.

Halafu akaja Ocaya.

Ocaya tumekua naye mlango kwa mlango kule kambini. Sasa hivi ni askari wa kampuni moja ya ulinzi, analinda ghala kule Luzira, njia ya Port Bell. Zamu ya usiku. Akitoka asubuhi alikuwa anapanda boda moja kwa moja mpaka kwangu, na yunifomu yake ya bluu, kofia mkononi.

Siku ya kwanza nikamkalisha kwenye kiti cha mbao. Kigumu kile, hata paka wa Huguette hakitaki.

"Nikae vipi?"

"Kaa unavyokaa."

"Nitazame wapi?"

"Popote."

Nikageuka kuchanganya rangi. Nilipogeuka tena, jamaa hayupo duniani. Kidevu kifuani, mdomo wazi kidogo, kofia juu ya goti.

Huguette akacheka. "Huyu analalaka kama mtoto mchanga! Umwamshe."

"Mwache," nikasema.

Maana, jamani, ile sura. Ocaya akiwa macho ni mtu wa utani, uso unacheza muda wote, huwezi kuushika. Akilala uso unatulia, na unaona kila kitu. Watoto watatu. Miaka sita ya usiku. Na bado upole wake uko palepale.

Nikachora. Jumanne nne mfululizo. Anakuja, anakaa, anazima, mimi nachora. Saa nne namwamsha, anakula, anaenda nyumbani.

Niseme bila aibu: ile ndiyo picha bora niliyowahi kuchora. Mikunjo ya yunifomu, vifungo, vyote. Hata nembo ya kampuni begani na namba yake kifuani niliziweka, kwa brashi ndogo kabisa, huku najisifu.

Ocaya alipoiona aliisogelea.

"Adoch, kumbe nimechoka hivi?"

Kisha akarudi kwenye utani wake. "Usimwonyeshe Aloyo. Atasema ndiyo ushahidi kwamba nakoroma."

Aloyo ni mke wake. Tukacheka, akaenda.

Ijumaa nikaipiga picha nikaiweka mtandaoni. Sikumuuliza. Wala haikunijia kwamba kuna kitu cha kuuliza. Mkono ni wangu, rangi ni yangu, sivyo? Juu yake nikaandika maneno mawili: "Mlinzi wetu."

Banange! Jamani!

Kufika Jumamosi mchana watu walikuwa wameichukua. Mmoja akaikata pembeni, akaondoa ukuta wa studio na jina langu, ikabaki sura na yunifomu. Akaandika: "Ndiyo maana wezi wa Kampala wananenepa." Mwingine akasoma nembo begani, akaitaja kampuni. Mwingine akasoma na namba.

Na mimi niko nyumbani nafurahi kwamba picha yangu inatembea.

Jumatatu Ocaya akasimamishwa kazi.

Sikujua mpaka kesho yake. Tulikuwa tumekubaliana nianze picha ya pili, akiwa macho. Saa mbili, saa tatu, kiti kitupu. Napiga simu, haipokelewi. Saa nne mlango ukafunguka, akaingia Aloyo.

Hakusalimia. Na Aloyo ni mtu wa kusalimia hata mbuzi.

"Adoch, wewe ndiyo ulimchora mume wangu?"

"Ndiyo, shemeji, lakini..."

"Akiwa amelala?"

"Alilala hapa. Kwenye kiti hiki."

"Watu wa kampuni wanakijua kiti chako? Wameona yunifomu na usingizi, basi. Wamemnyang'anya kofia na kitambulisho. Wamempa wiki moja ajieleze. Yuko kitandani kifudifudi, hataki kuongea na mtu."

Nikasema pole. Likatoka dogo, hata mimi sikulisikia vizuri.

Aloyo akaigeukia picha iliyokuwa ukutani. Akaitazama sana.

"Umemchora vizuri," akasema. "Sasa mchore akiwa kazini."

Akatoka.

Nilikaa kwenye kile kiti nikalia, sitaficha. Huguette aliniacha nilie kama dakika tano, halafu akanirushia kitambaa cha kufutia brashi.

"Umemaliza? Beba picha. Tunaenda."

Mkubwa wa ile kampuni, aliyetupokea ofisini kwake, ni mwanajeshi mstaafu, Afande Ongom. Mrefu, mgongo kama rula, nywele nyeupe. Kiswahili chake ni cha jeshi: maneno machache, yote amri.

"Hii nani alichora?"

"Mimi, afande."

"Huyu analala ama halali?"

"Amelala, afande. Lakini hakuwa kazini. Alikuwa ametoka zamu, yuko studio kwangu, asubuhi."

"Kiti gani hii?"

"Cha mbao, afande."

"Ngumu?"

"Kigumu sana."

Akaegemea nyuma. "Mtu anakaa juu ya kiti ya mbao, jua inawaka, wanawake wawili wanapiga domo, halafu analala? Mimi nimekaa doria siku tatu bila kufunga jicho. Mtu wa kulala hivyo amezoea kulala kazini. Hiyo ni tabia."

Huguette akanisogeza pembeni.

"Afande, kwa heshima yenu. Mukuje mujaribu."

"Nini?"

"Mukae kwenye ile kiti, huyu awachore. Kama hamulale, mufukuze Ocaya. Kama munalala, mumurudishe."

Nilitamani sakafu ipasuke. Kazi ya mtu, Huguette ameitupa mezani kama karata! Lakini yule mzee alimtazama, na mdomo wake ukacheza upande mmoja.

"Alhamisi, saa nane," akasema. "Na sitalala."

Alhamisi saa nane kamili tukasikia viatu kwenye ngazi. Akakaa. Mgongo rula. Macho kwangu kama analenga shabaha.

Nikaanza.

Dakika kumi. Hakuna kitu.

Ishirini. Hata kope hazichezi.

Huguette anapenda kuimba akichora. Siku ile hakuimba. Nusu saa ikapita. Kila nikichovya brashi, namwona Ocaya kitandani kifudifudi.

Dakika ya arobaini mzee akaongea.

"Unaangalia nini hivi?"

"Uso wako, afande."

"Miaka mingi hakuna mtu ameangalia huu uso. Wanaangalia cheo."

Nikaendelea kuchora.

"Mama watoto aliaga dunia, miaka minne sasa," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tangu hapo silali. Nyumba iko kimya. Naangalia dari mpaka asubuhi."

"Hapa hatuna kimya, afande. Hao wa chini wanakata nondo kutwa nzima."

"Nasikia. Ni kelele nzuri. Unajua watu wako karibu."

Nikachovya brashi. Nilipoinua kichwa, kidevu chake kilikuwa kifuani.

Huguette akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Alilala mpaka saa kumi na moja na nusu. Gogo. Hakuna aliyemgusa. Nani anaamsha afande?

Na mimi nikafanya kitu kimoja ninachojivunia mpaka leo. Niliweka brashi chini. Usingizi wa yule mzee sikuuchora.

Alipozinduka alikaa kidogo kama mtu asiyejua yuko wapi. Akatazama jua, akatazama saa. Akainuka akaja kuona picha. Paji la uso lipo, masikio yapo. Pale pa macho, patupu.

"Mbona hukumaliza?"

"Nilikuwa nangoja nikuulize, afande. Nikuchore macho wazi ama yamefungwa?"

Akanyoosha kola ya shati.

"Wazi."

Kufika mlangoni akageuka. "Mwambie Ocaya aje kesho asubuhi. Yunifomu ipigwe pasi."

Tuliruka, mimi na Huguette, mpaka watu wa dukani wakagonga dari kwa fimbo.

Sasa mnadhani imeisha. Tulieni.

Wiki iliyofuata Ocaya alikuja na rolex sita kwenye mfuko. Mimi nilikuwa na hotuba yangu ya kuomba msamaha, nimeifanyia mazoezi kabisa. Nikaitoa yote. Kwamba nilipaswa kumuuliza. Kwamba niliona aibu. Kwamba nilimtetea kwa mkubwa wake, maana najua yeye ni mtu safi, hajawahi kulala kazini hata siku moja.

Ocaya alikuwa anatafuna polepole.

"Adoch."

"Naam."

"Umewahi kuja pale langoni nikiwa zamu?"

"Hapana."

"Mimi pale nalala."

"Unasema?"

"Nalala, dada yangu. Si kila siku. Lakini ikifika saa kumi alfajiri, hata uniletee simba, nalala nimesimama. Miaka sita! Na mchana nyumbani ni watoto, majirani, redio. Mahali nilipolala kama mtu ni hapa kwako tu."

Nilimrushia chapati. Nusu nacheka, nusu nataka kumnyonga. Nimesimama mbele ya mwanajeshi nikamtetea kwa kifua kizima!

"Mimi nilijua," Huguette akasema kule dirishani, mdomo umejaa mayai.

"Ulijua na bado ukatupeleka kule?"

"Nilijua na ya yule mzee. Macho yake uliyaona? Wote banachoka tu."

Ocaya akaacha kutafuna.

"Nilimwambia afande mwenyewe," akasema. "Asubuhi ile niliporudi. Nikasimama wima: afande, ile picha ni ya studio kweli, lakini hata langoni nalala."

Nikamsogelea. "Akasemaje?"

"Alinitazama mpaka nikajiona niko nje tena. Halafu akauliza mbona sikuwahi kuomba zamu ya mchana. Nikamwambia niliogopa. Akasema, 'Mtu asiyelala anaharibika. Mimi najua.' Akafungua daftari akaandika. Kuanzia Jumatatu niko mchana."

Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Ocaya akiwa macho na uso wake umetulia.

Picha yake niliitoa mtandaoni, ingawa vipande bado vinazunguka huko na sina la kuvifanya. Yenyewe nilimpelekea Aloyo. Nikamuuliza anataka nini kifanyike. Ameitundika chumbani, sebuleni kakataa.

Na Afande Ongom? Kila Alhamisi saa nane viatu viko kwenye ngazi. Anakuja "kumalizia picha." Picha ilikwisha tangu Julai. Anajua, najua, hatuongei. Anakaa, tunaanza kazi, baada ya muda Huguette anapunguza sauti ya wimbo wake.

Funzo langu ni dogo, lakini limenigharimu machozi. Uso wa mtu, hata uuchore wewe, kwa mkono wako na kwa mapenzi yako yote, bado ni wake. Usingizi wake, uchovu wake, ni vyake. Kama unataka kuvionyesha kwa dunia, muulize kwanza. Rafiki hasa, muulize mara mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kwako bila kujificha.

Kwa hiyo kabla sijaiweka hii hapa, niliwasomea wote. Ocaya alisema iweke. Aloyo alifuta mistari miwili, na hamtaiona. Afande alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Hakuwa amelala.

"Weka," akasema. "Ila jina langu badilisha."

Nimelibadilisha.