Babu Anataka Neno Moja, Mama Hana

Mhariri, jina langu naomba lisitoke. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu, naishi na mama wilayani Kyela. Si mwongeaji. Naandika kwa sababu kusema kumenishinda.

Mama ni mtafiti. Anachunguza seli za ovari na homoni za uzazi za ng'ombe wa kienyeji, ijulikane kwa nini wengine hukaa miaka bila kushika mimba. Kazi hii aliianza kabla sijazaliwa. Siku hizi serikali haina fungu la utafiti, wanaomlipa ni wafadhili, nao wamesema wafugaji wakijitoa mradi unafungwa.

Ng'ombe wengi anaowapima ni wa babu, baba mkwe wake, kule Busale. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Mama akisikia babu anapita, hujificha migombani. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda zizini kila Jumamosi kuchukua maziwa kwenye vichupa, maana homoni huonekana hata kwenye maziwa. Babu alidhani tunaangalia kama yametiwa maji.

Juzi juzi akasema ng'ombe mwekundu, ambaye bado anakamuliwa kidogo lakini hajazaa muda mrefu, atachinjwa kwenye kumbukumbu ya bibi baada ya mavuno ya mpunga. Nikamwambia mama. Akafungua daftari lake, kwa sababu homoni ya ng'ombe huyo imekuwa juu kwa wiki kadhaa.

"Huenda ana mimba," akasema. "Au kuna kinundu kwenye ovari kimegoma kuyeyuka, kinatoa homoni ileile bila mimba yoyote. Maziwa hayawezi kunitofautishia. Lazima apimwe kwa mkono, kizazi kipapaswe kwa ndani."

Zamani bwana mifugo ndiye aliyefanya hivyo, lakini alipunguzwa kazi, akahama. Baba yuko machimboni Chunya, barua hazijibiwi.

Nilipomweleza babu hayo, ndipo alipojua vichupa ni vya nini. Akafoka kwamba mkwe wake amekuwa akichungulia matumbo ya mifugo yake. Akakataza vichupa, akakataza na mkono wa mtu yeyote. Shangazi, aliyekuwa akipepeta mchele, akacheka. "Anatafuta mimba za ng'ombe, yake ya pili imemshinda."

Mimi ni mtoto pekee. Sikumwambia mama maneno hayo, lakini nadhani yalimfikia. Jioni alikuwa anaosha vichupa ambavyo vilikuwa safi.

Sasa mama anasema siku ya kuchinja ataingia zizini mwenyewe kumpima ng'ombe, babu akiwepo. Akithubutu, ukoo hautamsamehe, na wafugaji wote watamfuata babu kujitoa.

Jumamosi iliyopita babu aliniita kando. Hasira ilikuwa imeisha, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wewe unasoma, na hujawahi kunidanganya," akasema. "Nipe neno moja, mjukuu wangu. Ana mimba au hana? Ukisema anayo, namwacha, na mama yako aendelee na vichupa vyake."

Nikamwambia nitamjibu shule ikifungwa. Akasema ndaga, yaani asante, kana kwamba nimeshamjibu.

Nilikimbia nyumbani nikidhani mama atafurahi. "Usimwambie nisichokijua," akasema. "Mwambie sijui bado."

Nataka kuwa mtafiti kama yeye. Nikisema anayo na ndama asizaliwe, kazi yake yote itaitwa uongo, na uongo utakuwa wangu. Nikisema sijui bado, babu atanoa kisu, na mama ataingia zizini.

Shule inakaribia kufungwa. Nishaurini, jamani, nimjibu nini babu?