Mama mkwe anataka ninywe kikombe cha maziwa mbele ya wageni, na daktari amenikataza

Sasa hivi mtoto wangu ametoka kunywa maziwa kwa nyanya yake, akakimbia hapa chumbani akanibusu shavuni na midomo bado nyeupe. Shavu linaniwasha nikiandika. Mwaka jana busu kama hilo lilinifurisha uso mpaka jicho likafunga. Leo linawasha tu, na kwangu hiyo ni furaha kubwa sana. Lakini leo kwa hii boma hakuna mtu wa kufurahi na mimi.

Admin, tafadhali usiweke jina langu, watu wa huku Marani wote wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, shule niliachia darasa la nane, mnivumilie nikikosea. Mume wangu anafanya kazi ya ujenzi Kisii mjini. Mimi naishi hapa na mama yake na msichana wetu, tunachuna majani chai.

Tangu utotoni maziwa yananidhuru. Si kuumwa tumbo tu, hapana. Ulimi unafura, koo linafunga, pumzi inakosa. Kwetu walijua, walikuwa wananipikia kando. Shida ilianza nilipoolewa, kwa sababu mboga ya saga huku inalazwa kwa maziwa ndiyo uchungu upungue. Mama mkwe aliponipakulia mara ya kwanza nikamwambia, "Mama, mimi maziwa sili." Akacheka. "Mgusii gani hali maziwa? Ama ni yangu ndiyo hutaki?" Hakuwa anacheza. Kukataa chakula cha mtu hapa ni kama kumwambia usoni kwamba anaroga.

Basi nikapata daktari wa mambo ya aleji mjini. Akaniambia, "Tutaufundisha mwili wako pole pole." Tulianza na tone la maziwa ndani ya maji, pale pale hospitali, yeye akinitazama. Akiona nimevumilia ananiongezea kidogo, halafu naendelea na kipimo hicho nyumbani kila siku. Navuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikiwa nimekula, halafu nakaa. Sichuni chai, sibebi mzigo mpaka mwili utulie. Alisema lengo si ninywe kama wengine, ni nisife siku nikionja kwa bahati mbaya. Nililia hapo kwa kiti. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia kwamba inawezekana nisife.

Mama mkwe alinikuta nimekaa. "Wenzako wako shambani, wewe unanyonya bomba kama ndama! Na hayo si maziwa? Kumbe unakunywa! Ni yangu tu ndiyo sumu?" Mbaya zaidi, yangu ni ya pakiti, daktari aliagiza hivyo ndiyo kipimo kisibadilike. Nikaeleza mpaka nikachoka. Ng'ombe wake yuko hapo nje, mimi nanunua maziwa dukani. Hata mimi ningekuwa yeye ningeumia moyoni.

Siku moja lori la majani lilikuwa linakuja mapema. Nilikuwa nimetoka kunywa kipimo changu cha maziwa muda mfupi tu, lakini nilichoka kuitwa mvivu, nikaingia kuchuna. Nilifika kituo cha kupimia majani nikaanguka na kikapu mgongoni. Boda akanikimbiza zahanati, nikadungwa sindano ya paja, pumzi ikarudi. Lakini pale kituoni mama mmoja alikuwa ameshasema, "Huyu amelishwa kitu kwa maziwa ya mama mkwe wake."

Nyumba kwa nyumba nilienda nikisema ni mzio, ni mwili wangu, mama hana kosa. Wakatikisa vichwa. "Maskini, wamemfunga mdomo." Waliokuwa wananunua maziwa yake wameacha. Juzi mtu ametupa mawe kwa mabati yake akiwa ndani. Nyinyi wa huku mnajua mama mzee akishabandikwa jina la mchawi nini hufuata. Sitaki hata kuandika.

Ndiyo akaita wageni leo, akina mama wa kanisa na mzee wa kijiji. Anataka ninywe kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe wake, wote wakiona. Alinishika mikono akilia. "Mokamwana wangu, mke wa mwanangu, unaniogopa? Nilikukosea wapi? Kunywa tu, niweze kulala kwa nyumba yangu." Sijawahi kumwona akilia. Nikamwambia nitakunywa mbele yao kile kipimo changu. Akasema, "Hapana. Wakiona bomba watasema ni dawa ya kujikinga na mimi."

Nimempigia mume wangu. Anasema, "Si unakunywa kila siku? Meza tu, mama apumzike." Nimempigia daktari. Amepaza sauti mpaka nikatoa simu sikioni: "Kikombe kizima? Usithubutu! Hujafika huko hata robo!"

Sasa jameni, nikinywa ninaweza kuacha mtoto wangu bila mama. Nisiponywa, hao watu wataenda nyumbani na jibu lao, na usiku mmoja watamrudia huyu mama. Mimi simchukii. Ni mama yangu pia. Nimefikiria nikae naye tule ugali wa wimbi kwa sahani moja wakiona, lakini yeye anasema ni maziwa yalitajwa, kwa hivyo ni maziwa yatamsafisha. Kuna mtu amewahi kutibiwa hivi akiwa mkubwa? Uliwaambiaje watu wakakuamini? Nipeni maneno, yangu yameisha. Andikeni haraka, wageni wameshaketi, naona kwa dirisha kikombe kiko mezani kimefunikwa na sahani.

"Mokamwana! Njoo, mzee anaomba tuanze!"

Ananiita. Ngojeni niende, simu naiacha hapa kitandani. Nikitoka huko nitasoma zote, na kama... ananiita tena, natuma hivi hivi.