Boksi Isiyojua Ufunguo Wetu

Gari la baba lilikataa kuwaka, na nyanya za mama zilishapakiwa kwenda soko la Busia. Fundi wa kampuni ya gari hilo alikuwa amesema boksi inayoamrisha injini imekufa, tulipeleke gari Kampala wafunge mpya. Baba alicheka, akavuka mpaka, akarudi na boksi kuukuu ya gari kama letu, akaifunga mwenyewe. Nilizungusha ufunguo hadi kidole kikauma, injini isiwake. Baba akampigia muuzaji wa boksi, naye akauliza:

"Mzee, ufunguo wake ulichukua?"

"Wa nini? Si niko na wangu?"

"Boksi hiyo inajua ule wa gari lake tu. Nao ulishapotea, mzee."

Mama alishusha nyanya, akanipa beseni moja nikaziuze hapa kijijini. Hapa Mella kila nyumba ina nyanya, na mimi naona haya kuita wateja. Nililibeba hivyo hivyo.